Ukuta Ambao Emilia Hakuupamba

Chimwaga, Dodoma,
15 Desemba, 1913.

Mpendwa mdogo wangu Yotham,

Mbukwa, mwana wa mama. Shikamoo yako iliyokuja na barua ya mwezi wa Oktoba nimeipokea, nami naiitikia marahaba, ingawa nimechelewa. Hali yako je? Kifua hakikubani? Uliandika kwamba vumbi la kokoto za reli linakukausha koo. Nilimsomea Mama, naye akasema unywe maziwa ya moto yenye asali kabla ya kulala. Kama huna mtu wa kukuchemshia, chemsha mwenyewe.

Sisi huku tu wazima. Mama hajambo, ila ukungu wa macho umezidi. Mimi ananitambua kwa jinsi ninavyokanyaga, na mbuzi anawatambua kwa kikohozi chao, kila mmoja na chake. Binti yako Loisi ameng'oka meno ya mbele, na hilo halijampunguzia maneno. Mwalimu Bartolomayo anawafundisha watoto wimbo wa Kuzaliwa Bwana, basi mtoto anauimba kutwa nzima, kisimani na mbugani, upepo ukimpitia kwenye pengo. Juzi aliniuliza gari la moshi linalotoka Tabora hujia upande gani. Nikamwonyesha. Tangu hapo anakula akiwa ametazama huko.

Mvua bado. Ilinyesha mara moja, ikatulowesha vichwa, kisha ukaja upepo ukayafukuza mawingu yote kuelekea kwa wenzetu wa Kongwa. Shamba tumekwisha kulilima na mbegu za uwele ziko kwenye kibuyu, tunangoja. Watu wana hasira, na mtu mwenye hasira hutafuta jirani wa kumtazama. Nakuambia hayo ujue mambo ninayokuandikia yametokea wakati gani.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ni ndoa yako, Yotham, kama itaziona mvua za mwakani au haitaziona. Naomba usome polepole, usiruke mistari kutafuta mwisho, maana nayapanga kama nilivyoyaona, moja baada ya jingine. Mimi si mtu wa kuchunguza mambo ya wengine. Lakini nina macho, na tembe letu ni moja, na mlango ni mmoja.

Yalianza na ndama. Asubuhi moja mwanzoni mwa mwezi huu niliamka nikawakuta ndama wako nje, wamefungwa kwenye kijiti, wanashangaa kama watu waliofukuzwa kanisani. Chumba cha mbele, walicholala ndama tangu enzi za Baba, kilikuwa kimefagiliwa mpaka kwenye udongo mgumu. Jiwe la kusagia lilikuwa limetolewa uani. Na mkeo Emilia alikuwa amepiga magoti katikati, anakanda udongo mweupe wa mtoni katika beseni.

Nikamwuliza anafanya nini. Akasema, "Napaka chumba, wifi." Kana kwamba mimi sikuona.

Wewe umekaa mbali lakini hujasahau kwetu. Kuta hupakwa kiangazi, wakati mikono haina kazi na jua linakausha. Nani anapaka nyumba mwezi wa kulima, paa la udongo likingoja kuvuja? Na ndama hawatolewi chumba cha mbele ila kwa mambo mawili, msiba au washenga. Msiba hatuna, tunamshukuru Mungu. Basi washenga wa nani? Loisi hajaota tena hata meno ya mbele. Mimi ni mjane na nimekwisha kusema kwamba imetosha. Aliyebaki ni nani katika nyumba hii? Si mimi peke yangu niliyehesabu hivyo. Mama Yoramu, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, alipita kuomba moto, akachungulia, akaondoka bila moto.

Hapo najua umekunja uso. Kunja tu, bado hatujafika.

Alipomaliza kuta tatu akaacha. Ule wa nne, wa upande wa kuingilia, aliupaka udongo mweupe kama zile nyingine, lakini hakuuchora wala hakuutundikia kitu mpaka leo. Hizo nyingine alizizungushia mstari mwekundu wa ngeu kwa kidole, mzuri, umenyooka, siwezi kusema uongo. Kila siku akaongeza kitu. Maua ya karatasi, aliyoyakata kutoka karatasi ya buluu inayofungiwa sukari. Nyota za karatasi ya fedha inayokaa ndani ya sanduku la chai. Kamba ya hivyo vyote akaivuta kutoka nguzo hadi nguzo chini ya dari, hata mimi nilipoingia ikanivua kitambaa. Nikamwuliza karatasi hizi zimetoka wapi. Akasema amepewa na Stara, mke wa Swedi mwenye duka pale mjini. Nikamwuliza kwa sababu gani. Akasema, "Ni kwa ajili ya Krismasi, wifi."

Krismasi. Sisi tumebatizwa kabla yake, mimi nimesoma kwa bibi wa misheni kule Mvumi, nami sijawahi kuona nyumba ya Mgogo iliyotoa ndama kwa sababu ya Krismasi. Tunakwenda kusali, tunachinja kama kuna cha kuchinja, tunakula, basi. Nikajua hilo ni jina tu la kufunikia jambo.

Kisha akakata marekani. Nasema ile marekani uliyomletea ulipokuja mara ya mwisho, ile ambayo hajawahi kuivaa hata siku moja, aliyoikunja na kuiweka kwenye kilindo juu ya mtama ili ikae na harufu safi. Akaikata katikati mbele ya macho yangu, akaipinda ncha kwa uzi mwekundu, akaitundika kwenye ufito upande wa ndani kabisa wa chumba. Pazia. Nikamwuliza nyuma ya pazia kuna nini, maana ninavyojua mimi nyuma yake kuna ukuta na vilindo vya nafaka tu. Akasema hakuna kitu.

Mtu hakati kitambaa cha mumewe afunike kitu kisichokuwapo. Nikangoja aende kisimani. Sikuona vibaya kufanya hivyo, nyumba ni ya baba yangu. Nikaingia, nikalishika lile pazia kwa mikono miwili, nikalivuta kwa ghafla, huku nimekwisha kutayarisha maneno ya kumwambia yeyote atakayekuwa amejibanza pale. Alikuwa kuku, anataga. Alinidonoa kidole hiki ninachoshikia kalamu.

Hata hivyo kuku hakunituliza. Mayai ya kuku huyo mkeo hakuyavunja kama watu wengine. Aliyatoboa huku na huku, akayapuliza yatoke, akapika kilichotoka, na maganda akayatunza kwenye ungo. Siku iliyofuata akakata tawi la mgunga lenye miiba mirefu myeupe, akalisimamisha ndani ya debe la mafuta ya taa lililojaa mchanga, na kila mwiba akauvisha ganda la yai. Lile tawi ukiliona utafikiri limechanua. Watoto wa jirani walijaa mlangoni. Na wazee nao walisikia. Mmoja akatuma mtu kuuliza kama vitu vyeupe vinavyong'aa ndani ya nyumba havizuii mawingu. Nilimjibu kwamba mawingu hayaingii ndani ya nyumba, naye akaondoka. Lakini nilipobaki peke yangu nililitazama lile tawi tena.

Na sasa mtu mwenyewe. Matonya, unamkumbuka, mrina asali wa upande wa mlimani, yule mrefu asiyefunga mdomo hata akiwa amesimama juu ya mzinga. Alianza kufika kwetu. Mara ya kwanza nilidhani amepita. Mara ya pili alikuja na kifurushi cha majani, Emilia akakipokea, akampa kibuyu cha maziwa ya mgando, na hawakusemezana neno. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi kuliko yote. Matonya akinyamaza, kuna sababu. Mara ya tatu nilimngojea njiani kwenye vichaka, nikamsimamisha.

"Matonya, unaleta nini nyumbani kwa ndugu yangu?"

"Nta, dada Lydia."

"Nta ya nini?"

"Mimi nitajuaje? Mke wa Yotham anataka nta, napeleka nta. Anatengeneza mishumaa."

"Na mbona hamsemezani?"

Akakuna kichwa. "Nilimsemesha siku ile ya kwanza. Nikamwuliza Yotham anarudi lini, nikaona amegeuka kama mtu aliyeingiwa na moshi machoni. Basi nikaona afadhali niweke nta niondoke. Na wewe dada, kwa nini umejificha kwenye miiba?"

Nilimwambia natafuta kuni. Sikumwamini hata kidogo. Mtu akikujibu vizuri upesi hivyo, amejiandaa.

Nikarudi, nikakaa na Emilia uani, nikajaribu kumchokonoa kwa upole. Nikamsifia chumba. Nikamwambia kimependeza, kina joto la kukaa watu, ila kwa nini ukuta ule mmoja umeuacha uchi? Naye alikuwa anasokota utambi wa mshumaa kwenye paja, hakuinua kichwa. Akasema, "Ule bado sijaujua."

Yotham, nilikesha na maneno hayo. Mtu husema bado hajaupaka ukuta, au hana karatasi ya kutosha, au amechoka. Nani anasema bado hajaujua ukuta? Ina maana kuna mtu anayejua. Ina maana kuna mtu anamwelekeza jinsi anavyotaka chumba kiwe, hapa nyota, hapa pazia, na ukuta mmoja bado hajamwambia. Mwanamke anayetayarisha chumba kwa kipimo cha mtu anamngoja mtu huyo. Ndivyo nilivyowaza, na nadhani hata wewe ungewaza hivyo.

Zaidi ya hayo alikuwa ametengeneza viti viwili kwa mbao za masanduku ya mafuta. Kimoja alikiweka kimeupa mgongo ule ukuta mtupu, kinatazama pazia. Cha pili alikiweka karibu na pazia, kinatazamana na cha kwanza. Katikati meza ndogo, juu yake kitambaa cha kufuma. Kila jioni alikuwa akivisogeza kidogo, anarudi nyuma, anafumba macho, anafumbua, anavisogeza tena. Nilimwona. Alikuwa kama mtu anayekumbuka mahali ambapo hajawahi kufika.

Sasa sikufichi. Nilikuwa nimekwisha kuanza barua nyingine, si hii. Katika ile nilikuambia uje upesi, uwaite wajomba, umrudishe Emilia kwao Kongwa kabla fedheha haijaingia, na Loisi abaki hapa kwetu. Nilipofika kwenye jina la Loisi kalamu ilisita, lakini niliendelea. Nilikuwa nimebakiza kutia jina langu.

Ndipo alipokuja Stara.

Alikuja kuchukua samli, kama kawaida yake, na punda wake na kanga yake ya mjini. Nilimkaribisha mwenyewe chumba cha mbele kwa makusudi. Niliwaza, karatasi zimetoka kwake, basi huyu anajua jambo, nami nitaitazama sura yake. Emilia alikuwa uani anasaga, jiwe linasikika. Stara akavua viatu, akainama mlangoni, akaingia, akasimama. Akazunguka macho yake taratibu kuanzia pazia mpaka tawi la mayai mpaka kamba ya maua. Kisha akacheka kwa furaha kabisa, akapiga makofi.

"Ehe, Emilia amekipatia. Hii ndiyo sebule ya Yotham hasa."

Nikamwuliza sebule ya Yotham yupi.

"Yotham wenu, dada. Huyo wa Tabora. Swedi alifikia kwake mwezi uliopita alipokwenda na mzigo. Alirudi na sifa, siku mbili hazungumzi kingine. Pazia jeupe lenye uzi mwekundu, maua ya buluu, tawi ndani ya debe limevikwa maganda ya mayai. Akauliza ni vitu gani, sisi Waislamu hatuna hayo, akaambiwa ndivyo wanavyopamba wakingoja Krismasi. Emilia siku ile alikuwa kwetu, akamwuliza Swedi kila kitu. Pazia limetundikwa kwa kamba au kwa ufito. Viti viko wapi. Nami nikasema huyu mwanamke anapenda vitu vizuri, nikampa karatasi."

Nilikaa kitako. Nikamwuliza, kwa sauti ya kawaida tu, kama Swedi alipokelewa vizuri huko.

"Vizuri mno. Wamekaa, wamezungumza, mara chai ikatoka nyuma ya pazia, tayari ina sukari na tangawizi."

"Imetolewa na nani?"

"Swedi hakutazama, dada. Mtu mstaarabu hatazami nyuma ya pazia la mwenziwe. Aliona mkono na sinia."

Jiwe la kusagia kule uani likanyamaza. Lilinyamaza kwa muda wa mtu kumeza mate, kisha likaendelea.

Stara alichukua samli yake akaenda, wala hajui alichokiacha nyuma. Usimlaumu, na Swedi usimlaumu. Walikuwa wanakusifu.

Nikatoka uani. Emilia alikuwa amefikisha unga kwenye ukingo wa jiwe, anaukusanya kwa kiganja. Nikamwuliza anajua tangu lini. Akasema tangu siku ile ile kwa Stara. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mimi, wifi yake, ninayekula naye chungu kimoja.

"Ningesema nini, wifi? Kwamba mume wangu anakunywa chai?"

"Basi na chumba hiki chote ni cha nini?"

Akaupangusa mkono kwenye nguo. Akasema bila kupandisha sauti, "Kama kinachomkalisha kule ni chumba, basi chumba sasa kiko na huku. Pazia liko, viti viko, chai nitapika. Akija Krismasi akakaa humu, halafu akaondoka tena, nitajua kwamba si chumba."

Nilimtazama mkeo, na kwa mara ya kwanza tangu umlete hapa niliona haya mbele yake. Niliingia ndani, nikaichukua ile barua nyingine, nikaitia motoni chini ya mlenda. Usiniulize kama nilimwomba radhi. Nilishika ngazi akapanda kufunga ile kamba ya maua iliyokuwa imelegea, na nadhani alielewa.

Sasa mdogo wangu, nirudi kwako, kwa sababu nimebaki na wasiwasi wote ule niliokuwa nao, na sina tena mahali pa kuuweka.

Katika barua ya Oktoba ulituandikia kwamba mnalala watu wanne chumba kimoja juu ya mikeka, vyombo vyenu ni sufuria moja, na ndiyo sababu huwezi kumchukua mkeo wala kuja sikukuu. Nimeitoa, nimeisoma tena. Ni mwandiko wako. Basi lile pazia ni la nani kati ya hao wanne? Labda mmoja wao ni fundi, wapo wanaume wanaoshona. Labda ndiye pia anayepuliza mayai bila kuyavunja, na kukata maua, na kutia tangawizi kwenye chai, kisha akaona haya kujitokeza mbele ya mgeni. Mimi sishuhudii, sikuwapo. Nauliza tu.

Nilimsomea Mama barua yako mara ya pili, bila kumweleza lolote. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Analala chini tangu reli ifike Tabora, na hajataja mgongo hata mara moja. Baba yake akilala chini siku moja, nyumba nzima ilijua." Kisha akaomba maji.

Kama kuna mtu, sema kuna mtu. Wewe si wa kwanza, wala sitajifanya kwamba mioyo ya watu waliobatizwa imetengenezwa kwa udongo mwingine. Kama hakuna mtu, na mkono ule ulikuwa wa mama mwenye nyumba aliyekuonea huruma, nitafurahi mno, nitatembea kwa miguu mpaka mjini kumwambia Stara. Lakini usituandikie tena habari za mikeka. Hilo limeniuma kuliko pazia. Tulikuwa tunalia tukikuombea, Yotham. Mimi nililia kwa ajili ya mgongo wako.

Barua hii namkabidhi Swedi, anayepanda gari la moshi keshokutwa. Amekwisha kuzoea kwako, najua atafikia hapo hapo. Hajui kilichomo, nimeifunga kwa nta ya Matonya, na ikikufikia imebanduka uniambie. Nimemwomba akutazame unapoisoma aje anieleze. Anadhani nataka kujua kama umekonda. Ukiondoka Tabora mara tu uipatapo, utatukuta hatujawasha mishumaa. Emilia amesema haitawashwa kabla ya usiku wa Krismasi, hata mimi nikibembeleza, nami nimebembeleza, kwa kuwa nataka kuona yale maganda yakipata mwanga.

Mama anakusalimu na anasema uje na mwili wako, si na barua. Loisi anakusalimu, anasema wimbo wake una beti nyingi na hataki uje uukute mwishoni. Mwalimu Bartolomayo anakuombea. Hata Matonya nimekutana naye leo, nikampa maziwa kwa mkono wangu, naye kanitazama kwa mashaka makubwa, anakusalimu. Nisalimie wenzako watatu wa chumbani, kwa majina yao, kama wapo.

Emilia hakutoa salamu. Nilimwuliza mara ya kwanza akasema hana. Nilimwuliza tena sasa hivi, nikiwa nimebakiza nafasi ndogo hii chini ya karatasi, akaja akasimama nyuma yangu, akauliza kama nimeandika yote. Nikasema yote. Akasema nikuulize jambo moja tu. Swedi alimhadithia kuta tatu za chumba chako, lakini wa nne alikuwa ameupa mgongo alipokuwa anakunywa chai, na alipomwuliza alicheka akasema hana macho kisogoni. Basi anauliza ule ukuta wa nyuma ya mgeni, unaoutazama wewe kila siku ukiwa umekaa kitini pako, umetundikwa nini.

Nilimwambia ni rahisi, nitamwomba Swedi safari hii akae kile kiti cha pili. Akakataa. Amesema jibu hilo analitaka litoke kinywani mwako, ukiwa umekaa humu ndani na kuutazama huu wake mtupu.

Mungu wa baba yetu akulinde njiani, na njia iwe ya kuja huku.

Mimi dada yako, nikupendaye hata sasa,

Lydia